Kamba ya Watu Wanne

Kwa habari ya kivuko cha Kwa Bakili, usimwamini mtu anayekwambia kwamba wale watu wa kamba walikuwa na dawa. Hawakuwa na dawa yoyote. Walikuwa na kamba, mikono, na ubishi wao.

Kivuko chenyewe kilikuwa kwenye mto Ruvuma, mwendo wa siku tatu kusini ya Songea, mahali ambapo maji yanatanda juu ya mawe na mtu mzima, kiangazi, anaweza kuvuka yakimfika mapajani. Mdachi alisema ukingo wa kaskazini ni wake, Mreno akasema wa kusini ni wake. Wenyeji waliisikia habari hiyo kama unavyosikia majirani wakigombania kuku wako.

Bakili alifiwa na mkewe pale, mchana kweupe, watu wamejaa ukingoni wakipiga kelele na hakuna aliyenyoosha hata kijiti. Arobaini ilipokwisha akasuka kamba ya magome ya miombo, akawaita jamaa zake, akawaambia kuanzia siku ile hakuna mtu atakayevuka pale bila wao kuwa majini. Ndivyo walivyofanya, yeye mpaka alipokufa, na wanawe na wajukuu baada yake. Walikuwa watu kumi na mmoja. Wa kwanza alikaa ukingo wa kusini, ameizungusha kamba kwenye mkuyu. Huyo ndiye mshika shina, na haachi shina hata nyumba yake ikiungua. Wengine waliingia mtoni mmoja mmoja, kila mtu na jiwe lake la kukanyagia, kamba imepitishwa kwapani, mpaka wa mwisho, mshika mkia, aliyesimama pale mkondo unapopita. Wasafiri walivuka upande wa juu. Aliyeteleza aliletwa na maji mpaka kwenye kamba, akadakwa, akapitishwa mkono kwa mkono hadi nchi kavu. Hawakulipwa. Ukiwapa kuku walikurudishia kuku wako, na wengine walikutukana kidogo juu yake.

Na walikuwa na masharti. Kamba ikiwa imesimama majini, watu wameishika, kivuko kiko wazi, vuka. Kamba ikiwa imelazwa juu ya majani ukingoni, hakuna kuvuka, hata kama unakwenda kumzika mama yako. Na ikiwa imelala, halafu mpumbavu mmoja akajitosa kwa kiburi chake, msiinue kamba kwa ajili yake. Mtu mmoja akimbie ukingoni na mwanzi mrefu. Akimfikia, Mungu ashukuriwe, asipomfikia, basi. Watu walisema Bakili alikuwa na roho ngumu. Si kweli. Alijua tu kwamba watu wakishaiona kamba majini hawaulizi tena swali.

Sasa ikaja vita ya maji. Watu wanane kati ya kumi na mmoja waliiacha kamba wakaenda kaskazini kupigana na Mdachi. Wakanywa dawa, wakaambiwa risasi zitageuka maji. Hapo ndipo mimi huwa nakasirika kila nikisimulia. Jamani, watu wa kamba! Watu walioyajua maji kuliko mtu yeyote kuanzia Tunduru mpaka Ziwa Nyasa, waliokwisha kuopoa maiti wasiohesabika, wao ndio wakaenda kuamini kwamba maji ni ndugu yao! Lakini haya, ni rahisi kusema ukiwa umeshiba. Mashemeji zao walikuwa huko kaskazini, wanachapwa viboko kwa ajili ya kodi, na mtu amekuja kusema ipo njia. Swalehe, mume wa Mwanaheri, alikuwa mshika mkia miaka kumi na miwili. Naye alikunywa. Habari zake ziliishia mahali fulani karibu na Songea, na hakuna aliyerudi kueleza ziliishaje.

Wakabaki watatu tu: mzee Daimu, mshika shina, ambaye kila mtu alimwita ambuje, yaani babu kwa Kiyao; Majaliwa, aliyekataliwa vitani kwa sababu ya mguu wake mbovu; na kaka yake huyo Majaliwa, aliyekufa kwa homa kabla ya mvua. Ndipo wanawake wakaingia, jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Biasha, dada wa Swalehe, akashika, na Mwanaheri akashika.

"Wifi," Biasha alimwambia Mwanaheri siku ya kwanza, maji yakiwa kifuani, "nikizama usinivute kwa nywele. Nimesuka jana tu."

"Nikuvute niende nawe wapi? Unakula sana wewe."

Wakacheka mpaka Daimu akawakaripia. Wakati ule kucheka kulikuwako bado. Mwanaheri, kwa kuwa alikuwa mrefu, akapewa mkia wa mumewe.

Ubaya wa kamba ya watu wanne ni kwamba haifiki. Si kwamba ni fupi. Ndefu ilikuwa ndefu, lakini pasipo watu wa kuisimamia maji yanaisukuma yote ukingoni. Ya watu kumi na mmoja ilifika kwenye mkondo. Ya wanne iliishia kwenye mwamba mmoja mweusi, na kutoka hapo hadi mkondoni palikuwa na hatua kumi na tano hivi. Kiangazi hatua kumi na tano si kitu, mtu akiteleza anajiinua mwenyewe na kucheka. Masika ukichukuliwa na mkondo, kwaheri.

Na ilikuwa masika watu walipokuja. Mdachi alikuwa amechoka kuwatafuta wapiganaji porini, akaanza kupigana na vyungu vya watu: maghala yakachomwa, mahindi yakafyekwa yangali mabichi, mbuzi wakaswagwa kwenda boma. Mitumbwi ya mto mzima askari wake waliipasua kwa mashoka ili watu wasikimbie. Njaa ikaingia kila nyumba. Ng'ambo ya kusini mihogo ilikuwa bado imo ardhini, na kila mtu alilijua hilo, basi wakashuka mtoni kwa makundi, watu wa Lusewa, watu wa Songea yenyewe, hata Wakristo wa misheni, wengine hawajawahi kuona mto mkubwa kuliko kijito cha kufulia.

Mwanaheri alikuwa na mtu wake katika hao. Zabibu, mtoto pekee aliyembakia, alikuwa ameolewa upande wa Lusewa. Mumewe aliuawa vitani, na yeye alikuwa na mimba ya miezi saba. Alimtumia mama yake salamu kwa kinywa cha msafiri: nakuja, nisubiri mtoni. Tangu siku hiyo Mwanaheri hakuwa na neno jingine duniani. Alfajiri alikuwa wa kwanza kufika ukingoni, akiangalia ng'ambo, kichwa kimoja kimoja.

Lakini mto ulikuwa umejaa. Siku ya tano hiyo kamba ilikuwa imelala juu ya majani, na ng'ambo watu walikuwa wameshafika sitini, wamekaa wanasubiri, wanachimba mizizi ya ming'oko porini na kula majani ambayo hata mbuzi huyapita. Walitulia. Mtu mmoja alikuwa amewaeleza, ni wazi, maana kila asubuhi walisogea ukingoni kuangalia kamba, wakiiona imelala wanarudi kukaa.

Zabibu alifika siku hiyo ya tano, mchana. Mwanaheri alimtambua kwa mwendo kabla hajauona uso, tumbo limetangulia, mkono kiunoni. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka, lakini mto ulikuwa unanguruma, hata Biasha aliyesimama ubavuni hakumsikia vizuri. Zabibu akapunga mkono. Akajipigapiga tumbo, kumwonyesha mama yake kwamba mtoto yumo, mzima. Mwanaheri alikuwa na muhogo wa kuchoma kwenye upindo wa nguo. Akauinua juu mwanawe auone, na hapo hapo akajuta, kwa sababu wale wengine sitini waliuona pia. Wakasimama wote.

"Umefanya nini sasa?" Biasha akamwambia. "Keti chini. Keti, wifi."

Usiku ule hakulala, wala sitakusimulia alivyokesha. Asubuhi akamwendea Daimu, akapiga goti.

"Shikamoo, ambuje."

"Marahaba. Najua unachotaka kusema."

"Maji yamepungua."

"Yamepungua kidole kimoja. Nimechomeka kijiti, nimeona. Tunataka yapungue mkono mzima. Siku mbili mvua isiponyesha, labda tatu."

"Mwanangu hana siku tatu, ambuje. Umemwona miguu? Imevimba."

Mzee alikuwa mtu mkali, lakini pale alitazama chini akichezea ncha ya kamba. "Mwanaheri, tukiingia majini sasa hivi, mimi na wewe na hawa wawili, tutafika wapi?"

"Mwamba mweusi."

"Na mkondo uko wapi?"

Alijua uko wapi. Kila mtu alijua. Machozi yakamtoka kwa hasira, si kwa huzuni, hasira ya mtu anayeonyeshwa kitu ambacho tayari anacho machoni.

Saa nne hivi moshi ukaonekana kaskazini. Ukawa mmoja, ukawa mitatu, mweusi wa nyasi za mapaa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: askari walikuwa wanashuka na njia ya mtoni, wanachoma wanavyokuja. Ng'ambo watu wakaanza kuhangaika, kina mama wanafunga watoto mgongoni, wanafungua, wanafunga tena. Lakini hawakuingia. Walikuwa wakiitazama kamba. Macho ya watu sitini na zaidi yameelekea kwenye kamba ile iliyolala kama mnyama aliyekufa, na wao wanne wamesimama kando yake hawana la kufanya. Wakiiacha ilale, askari watawakuta watu pale. Wakiisimamisha, watu wataingia wakidhani kuna mikono ya kuwadaka, na mikono haipo. Majaliwa alikuwa anatukana peke yake kwa sauti ya chini, anamtukana Mdachi, anautukana mto, anautukana mguu wake. Biasha akamwambia anyamaze. Akanyamaza, akaanza tena.

Ndipo mwanamume mmoja akajitosa. Sijui alikuwa nani, alivaa shuka jeusi, na alishindwa tu kuvumilia. Akaenda hatua nane, tisa, mkondo ukamkata miguu. Akazama, akaibuka, akaja anazunguka, na kwa bahati yake maji yalimtupa upande wa kusini, akawa anakuja moja kwa moja kuelekea ule mwamba mweusi.

"Mwanzi!" Daimu akapaza sauti. "Majaliwa, chukua mwanzi!"

Majaliwa alikuwa na mguu mmoja mzima tu. Alikimbia, masikini, alikimbia kwa kadiri alivyoweza, na mwanzi hata nusu haukufika.

Mwanaheri akakamata mkia wa kamba akaingia majini.

Nimewasikia watu wakisema hakufikiri, mwili ndio ulioruka wenyewe kwa mazoea. Yeye mwenyewe hakusema hivyo hata siku moja. Alisema moyoni alikuwa ameshachoka kuiona ile kamba imelala, alikuwa anatafuta kisingizio, na yule mwanamume akamletea. Alisema wakati anakanyaga jiwe la kwanza alilikumbuka sharti la Bakili vizuri kabisa, neno kwa neno, na akaendelea kwenda.

Kamba ikiwa imeshaingia huwezi kumwacha mtu wa mkiani peke yake. Daimu akazungusha shina. Majaliwa akaingia, Biasha akaingia, kila mtu kwenye jiwe lake, na Mwanaheri akafika mwamba mweusi akamdaka yule mwanamume shingoni. Akampitisha kwa Biasha, Biasha kwa Majaliwa, Majaliwa akamtupa ukingoni. Wamempata! Kwa muda wa pumzi mbili Mwanaheri alifurahi kama mwehu.

Halafu akainua macho, akaona ng'ambo watu wanaingia mtoni.

Wote. Hawakuingia mmoja mmoja kama siku za gulio, waliingia kwa mkupuo, wameshikana mikono, watoto mabegani, na nyuso zao, alisema, nyuso zao zilikuwa na furaha. "Rudini!" akapiga kelele. "Haifiki! Rudini!" Biasha naye akapiga kelele, Majaliwa naye. Mto ukaimeza sauti yote. Daimu aliona kutoka kwenye mkuyu, na akajua kwamba hata wakitoka majini sasa hivi wakailaza kamba itakuwa bure, watu wameshafika katikati, na wakitoka hata wale watakaotupwa upande huu hawatapata mkono. Basi akafanya lile tu alilobakiwa nalo, akaukumbatia mti kwa nguvu zake zote.

Wengine walivuka. Usidhani waliangamia wote. Wenye miguu imara walivuka, waliopanga mstari mrefu wakashikana walivuka. Lakini walioteleza waliteleza mkondoni, na mkondo ulipita mbali. Walipita mbele ya macho ya Mwanaheri, hatua kumi na tano, kumi, huyu anapiga maji, yule ametulia kimya, na yeye amenyoosha mkono mtupu. Wachache mto uliwaleta. Alimdaka mtoto wa kiume, akampitisha. Alimdaka mzee, akampitisha. Sharti la mshika mkia ni kumchukua anayekuja mbele yako, huchagui. Akaja mwanamke mmoja, mzito, amemeza maji, akamkumbatia Mwanaheri kiunoni kwa mikono yote miwili, akamng'ang'ania.

Na hapo ndipo Zabibu akapita.

Hakupita mbali. Ingekuwa mkono mmoja zaidi, mtu mmoja zaidi kwenye kamba, basi. Alikuwa anaelea chali, nguo imemvimbia, na macho yalikuwa wazi, akamwona mama yake. Mwanaheri aliachia mkono mmoja, akabaki na kamba kwa mkono wa kushoto, yule mwanamke anamvuta chini, akajinyoosha mpaka bega likalia.

"Usiachie, mama!" Zabibu akasema.

Alikuwa mtoto wa pale kivukoni. Alijua mshika mkia akiachia, yule aliyemshika anakwenda naye, na Biasha anaburutwa. Alilisema kama mtu anayekukumbusha kitu unachokijua, hakulia, wala hakunyoosha mkono. Mto ukamgeuza ukampeleka nyuma ya matete.

Mwanaheri hakuachia.

Askari walifika ukingo wa kaskazini jua likiwa limepinda. Waliwakuta wazee wachache na mama mmoja aliyeogopa maji, wakawaswaga wakarudi nao njia ya Songea. Kama wangewakuta watu sitini, wangefanya nini? Wengine husema wangewaua, wengine husema wangewachukua tu kubeba mizigo. Mwanaheri aliuliza swali hilo maisha yake yote, kwa kila mgeni aliyetoka Songea, na kila mgeni alimpa jibu lake.

Jioni ile wale waliovuka walikuwa wamekaa chini ya mkuyu wanakula mihogo. Majaliwa na wengine wawili walikuwa wamefuata ukingo kwenda chini kutafuta, wakarudi mikono mitupu. Biasha alikuwa anatapika. Daimu alikuwa amelazwa, viganja vyake vimechunika vyote. Mwanaheri amekaa peke yake, nguo bado zinachuruzika maji, na hakuna aliyethubutu kumsogelea, isipokuwa yule mwanamke mzito aliyemng'ang'ania, ambaye hakujua kilichompata. Jina lake Ludovika, Mkristo wa upande wa Songea. Akaja akapiga magoti mbele yake, akamshika miguu.

"Mama, Mungu akubariki. Mama, wewe na wenzako Mungu awabariki."

Mwanaheri alikuwa akiukamua upindo wa nguo yake.

"Sisi wengine watu wa huko juu," Ludovika akaendelea, na maneno yalikuwa yanamtoka mfululizo kama watu wanavyoongea wakishapona. "Kamba hatukujua ni kitu gani. Mtu mmoja alikuwa anatukataza tusivuke, hakutueleza zaidi. Kamba ilipoinuka tuliogopa vile vile. Ni msichana mmoja aliyekuja jana, mjamzito, ndiye aliyetutia moyo. Akasema ingieni, msiogope, kwenye kamba ile yupo mama yangu. Akasema mama yake hawezi kuisimamisha kamba isiyofika. Tukamfuata. Yeye ndiye aliyetangulia." Akageuka kuwatazama watu chini ya mkuyu, akitafuta uso. "Nimemtafuta hapa nimshukuru, simwoni. Mama, wewe humjui? Ni mtoto wa nani kati yenu?"

Biasha alikuwa amesikia. Akaja mbio, akamshika Ludovika begani amwondoe, lakini Mwanaheri akamzuia kwa mkono.

"Ni wangu," akasema. "Na haikufika."